Woody Woodpecker: kwa nini kigogota yule alikuwa akibadilika kila mara

Tazama katuni ya Woody Woodpecker ya mwaka 1941, kisha weka ya mwaka 1961. Usipoambiwa, utaapa kwamba hao ni ndege wawili wasiojuana. Wa kwanza ana domo refu, miguu minene na macho ya kichaa. Anatoboa, anavunja, anakimbia huku anacheka, na hakuna aliyemchokoza. Wa pili ni mdogo, msafi, kishungi chake kimechongoka mbele kwa madaha, na kwa kawaida hamgusi mtu mpaka aguswe. Sauti si moja, tabia si moja. Kilichobaki ni jina, wekundu wa kichwani na kile kicheko.

Mashabiki wamebishana miaka mingi kuhusu Woody yupi ndiye halisi. Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Filamu fupi za Woody, karibu 200, zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema kuanzia 1940 hadi 1972, na katika miaka hiyo biashara ya sinema Marekani ilipinduka zaidi ya mara moja. Karibu kila ndege huyu anapobadilika sura au sauti, ukichungulia nyuma utakuta mkataba umevunjika, benki inadai, au mtu ameondoka na fedha ya kumwajiri mwingine haipo. Ufuate mkondo huo, na mambo mengi yanayoonekana kama vurugu yataeleweka.

Dakika saba kabla ya filamu kuu

Kwanza tuelewe filamu hizi zilikuwa na kazi gani. Katika miaka ya 1930 na 1940, Mmarekani aliyekwenda sinema hakununua tiketi ya filamu moja. Alioneshwa habari za wiki, filamu fupi, katuni, halafu filamu kuu, na pengine kuu mbili. Katuni ilichukua dakika sita au saba, na haikuwa ya watoto. Ukumbi ulijaa watu wazima: wafanyakazi waliotoka zamu, askari wa likizo, wachumba. Ndiyo maana katuni za zama zile zina mizaha ya ulevi, ya vita na ya mapenzi ambayo leo mzazi akiiona huanza kutafuta rimoti.

Sasa hesabu. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Dakika saba ni picha 10,080. Hata wachoraji wakitumia ujanja wa kawaida wa kuacha kila mchoro ukae kwa picha mbili, bado inabaki michoro zaidi ya 5,000, na hiyo ni kama kuna mhusika mmoja tu. Kila mchoro ulichorwa kwa penseli, ukanakiliwa kwa wino kwenye seluloidi angavu, ukapakwa rangi kwa mkono upande wa nyuma, kisha ukapigwa picha juu ya mandhari. Ongeza okestra, waigizaji wa sauti na gharama ya kusafisha filamu ya rangi ya Technicolor. Upande wa pili, mwenye jumba la sinema alilipia katuni kiasi kidogo tu, kwa sababu watu walikuja kwa ajili ya filamu kuu. Fedha ilirudi polepole, mji kwa mji, mwaka kwa mwaka.

Biashara ya namna hiyo haisimami yenyewe. Ilisimama kwa sababu studio kubwa ziliuza filamu kwa mafungu: ukitaka ile yenye nyota maarufu, chukua na hizi nyingine. Kadiri mtindo huo ulivyodumu, mtengenezaji wa katuni aliweza kupewa malipo ya awali na studio iliyomsambazia, akalipa mishahara ya wiki, akaendelea. Ulipoanza kuyumba, yeye ndiye aliyeanza kuhisi.

Mtengenezaji wetu hapa ni Walter Lantz, aliyezaliwa New Rochelle, jimbo la New York, mwaka 1899. Alikuwa akifanya kazi Universal mwaka 1929 studio hiyo ilipompa sungura Oswald, yule ambaye Walt Disney alikuwa amempoteza mwaka mmoja kabla kwa sababu haki zake hazikuwa mikononi mwake. Lantz alikuwa anafahamu habari hiyo vizuri. Mwaka 1935 akajitenga na kuwa na studio yake, huku Universal ikibaki msambazaji, na mwaka 1940 Universal ilipopunguza ufadhili hadi kazi ikasimama kwa muda, Lantz alitumia mazungumzo hayo kupata haki za wahusika wake. Woody alitokea miezi michache baadaye, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa mali ya Lantz. Jambo hilo litakuwa na uzito mbele ya safari.

Hadithi ya fungate na ukoo wa kweli

Lantz alipenda kusimulia kwamba alimpata Woody akiwa fungate na mkewe, mwigizaji Grace Stafford. Walikuwa kwenye kibanda msituni California, kigogota akawanyima usingizi kwa kugonga paa, mvua ikanyesha ikavujia ndani, na bibi harusi akasema: mbona usimfanye katuni? Ni hadithi tamu, na Lantz aliirudia hadi uzeeni. Tatizo lake ni tarehe. Filamu ya kwanza ya Woody, «Knock Knock», ilitoka tarehe 25 Novemba 1940. Walter na Grace walioana mwaka 1941. Labda paa liligongwa kweli, lakini aliyegonga hakuwa chanzo cha ndege ambaye tayari alikuwa sinema.

Ukoo wa kweli unapatikana kwa mwandishi wa mizaha aliyeitwa Ben Hardaway, ambaye wenzake walimpa jina la utani Bugs. Kabla ya kuja kwa Lantz alikuwa akifanya kazi kwenye studio ya Leon Schlesinger, iliyotengeneza katuni za Warner Bros. Huko, mwaka 1937, Tex Avery alikuwa amezua bata mwendawazimu, yule aliyekuja kuwa Daffy Duck, ambaye mwindaji akimlenga yeye hurukaruka na kucheka. Watazamaji walimpenda. Mwaka uliofuata Hardaway akashiriki kuongoza filamu iliyokuwa karibu nakala ya ile, ila bata amegeuzwa sungura mweupe. Jina la sungura likatokana na jina la utani la Hardaway, na wengine wakaja kumrekebisha mpaka akawa Bugs Bunny. Hardaway alipohamia kwa Lantz aliuchukua uchizi ule ule akaufunika manyoya. Alex Lovy ndiye aliyechora sura.

Kwa hiyo bata akazaa sungura, sungura akazaa kigogota, na baba wa kati ni mtu mmoja asiyetajwa sana. Ushahidi unausikia kwa masikio. Mel Blanc ndiye aliyetoa sauti ya sungura wa 1938, na kicheko alichompa, kile chenye ngazi tano kinachoishia kama mashine, ndicho kile kile alichompa Woody miaka miwili baadaye. Blanc mwenyewe alisimulia kwamba alikizua akiwa mwanafunzi wa sekondari Portland, Oregon, kwa kupenda namna korido ya shule ilivyokirudisha mwangwi.

Katika «Knock Knock» Woody si nyota. Filamu ni ya Andy Panda, mhusika mwingine wa Lantz, na baba yake. Kigogota anatoboa paa lao na kuwatesa hadi Andy anamkamata kwa kumwagia chumvi mkiani, kufuatana na imani ya kale ya wawindaji wa ndege. Mwishoni wanakuja watu wa hospitali ya wagonjwa wa akili kumchukua, na inaonekana wao ni wagonjwa kuliko yeye. Mgeni alimfunika mwenyeji kabisa. Mwaka 1941 akapewa mfululizo wake.

Wapenzi wa ndege wana ugomvi wao wa pembeni. Kishungi kile chekundu kinafanana na cha kigogota mkubwa wa misitu ya Amerika Kaskazini, Dryocopus pileatus, huku yule wa hadithi ya paa akisemekana kuwa wa jamii ndogo inayohifadhi mbegu za mialoni. Wote wawili hawana mwili wa buluu. Tusonge mbele.

Sauti tano na kesi moja

Hapa ndipo watu hupotea zaidi, kwa hiyo tutembee taratibu.

Blanc alitoa sauti ya Woody katika filamu tatu tu: ile ya kwanza, ya pili iliyoitwa kwa jina la Woody mwenyewe, na «The Screwdriver» ya 1941. Halafu akasaini mkataba wa kutofanya kazi ya katuni kwa mtu mwingine isipokuwa Schlesinger, na Lantz akabaki bila mtu. Danny Webb akajaza nafasi, akiwemo ndani ya «Pantry Panic» ya mwishoni mwa 1941. Filamu hiyo ndiyo unayoelekea kukutana nayo kwanza popote pale, si kwa ubora wake, ni kwa kuwa hakimiliki yake haikuhuishwa na kila mtu anaruhusiwa kuinakili. Inahusu Woody mwenye njaa na paka mwenye njaa, kila mmoja akipanga kumla mwenzake wakati wa theluji. Kwa ladha yangu ni moja ya zile zenye ukatili mtamu zaidi.

Baada ya Webb akaja kijana Kent Rogers, hodari wa kuiga sauti za nyota wa filamu. Vita ikamchukua, alifariki mwaka 1944 katika ajali ya ndege akiwa mafunzoni. Mbadala akawa Ben Hardaway, yule yule mwandishi. Hakuwa mwigizaji, lakini tayari alikuwa kwenye orodha ya mishahara, na sauti zilirekodiwa kisha zikaharakishwa kiasi kwamba kasoro zilijificha. Ukisikiliza Woody wa 1944 hadi 1949 akizungumza kama mzee mjanja aliyemeza filimbi, huyo ni Hardaway.

Lakini wote hao hawakugusa kicheko. Lantz alikuwa nacho kwenye kanda, na aliendelea kupachika kicheko cha Blanc filamu baada ya filamu. Mwaka 1948 wanamuziki wawili, George Tibbles na Ramey Idriss, wakatunga wimbo uliojengwa juu ya kicheko hicho. Bendi ya Kay Kyser ikaurekodi, Gloria Wood akiimba na Harry Babbitt akicheka, nao ukapanda hadi namba moja Marekani. Lantz akauingiza haraka katika «Wet Blanket Policy» ya mwaka huo, na ukateuliwa kuwania Oscar ya wimbo bora. Ndio wimbo pekee kutoka katuni fupi ya sinema uliowahi kufika hapo. Haukushinda.

Blanc alikuwa akisikia kicheko chake kila redio. Akaenda mahakamani kumdai Lantz. Jaji akasema hakuwahi kukisajili kicheko hicho kama kazi yake, basi hana madai. Hata hivyo Lantz hakutaka shauri liendelee, wakamalizana nje ya mahakama. Hapa pana ajabu ambayo mara nyingi hupitwa: mtu anayetajwa kila mahali kuwa sauti ya Woody alifanya filamu tatu, na mtu aliyemfanyia Woody kazi zaidi ya miaka 20 hakutajwa hata kwenye orodha ya washiriki kwa miaka mingi.

Mtu huyo ni Grace Stafford. Lantz alipohitaji sauti mpya mwaka 1950, mkewe alijitolea, lakini Lantz akamkatalia kwa kuwa Woody ni dume. Basi akarekodi kanda kwa siri, ikachanganywa na za wengine bila majina, na mumewe akaichagua. Hivyo ndivyo Lantz alivyosimulia, na msimulizi ni yule yule wa fungate, kwa hiyo pima mwenyewe. La uhakika ni kwamba Stafford aliomba asitajwe, akihofia watoto wangevunjika moyo kujua kigogota ni mwanamke. Jina lake lilianza kuonekana mwaka 1958. Alikiimba kicheko upya kwa sauti yake, na cha Blanc kikastaafu.

Culhane na kinyozi

Kabla hatujafika kwenye mvunjiko mkubwa, lazima nisimame kwenye miaka mitatu ambayo naiona kuwa kilele. Vita ilipowatawanya watu wa Lantz, mwaka 1943 akaja James Culhane, aliyejulikana kama Shamus, mchoraji aliyewahi kuwa Disney kwenye kikosi cha Snow White. Culhane alikuwa anasoma kazi za waongozaji wa Kisovieti, hasa Eisenstein na Pudovkin, na kuwaza jinsi ukataji wa picha unavyoweza kuongeza mapigo ya moyo. Studio ya Lantz haikuwa na fedha ya kuchora kwa ufundi wa Disney. Culhane akaona kwamba kukata picha upesi hakugharimu chochote.

Matokeo ni «The Barber of Seville» ya Aprili 1944. Woody anaingia kwenye duka la kinyozi ambaye hayupo, anashika wembe, na mteja wa pili, fundi wa ujenzi mwenye kofia ya chuma, anakaa kitini bila kujua kilichomsubiri. Kuanzia hapo ni aria maarufu ya Figaro kutoka opera ya Rossini, mwanzo hadi mwisho, huku picha zikikatwa kwa kasi inayofuata muziki. Povu linapakwa, wembe unaruka, na muziki unapokimbia Woody anagawanyika kuwa Woody kadhaa kwa wakati mmoja. Mteja wa kwanza, Mmarekani wa asili aliyechorwa kwa dhihaka za wakati ule, anaharibu mwanzo wa filamu kwa mtazamaji wa leo. Ukivuka hapo, hakuna katuni ya Lantz iliyowahi kuifikia.

Filamu hiyo ndiyo pia iliyotoa Woody mwenye sura mpya, kazi ya mchoraji Art Heinemann. Domo likapungua, mwili ukawa wa duara, rangi zikatulia. Wengi husema Woody «alifanywa mzuri» ili apendwe. Ni kweli kwa sehemu, ila mwili wa duara wenye rangi chache pia ni rahisi kuuchora mara elfu tano bila kukosea. Mwaka huo huo akapewa mpinzani, Wally Walrus, jitu zito lenye lafudhi ya Skandinavia linalotaka amani tu. Mtu mwenye haraka anahitaji mtu mzito wa kumgonga. Andy Panda asingefaa.

Tukiwa kwenye dhihaka za rangi: studio hii haikuwa safi. Mwaka 1941 Lantz alitoa katuni ya muziki, isiyo ya Woody, iliyowachora Wamarekani weusi kama watu wavivu wa mashambani. Baada ya vita NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ilipinga kurudishwa kwake sinema, na Universal ikaiondoa mwaka 1949.

Mvunjiko: 1947 hadi 1951

Universal ilibadilisha uongozi baada ya vita, ikawa Universal-International, na mazungumzo ya mkataba mpya na Lantz yakakwama. Lantz akahamia kwa msambazaji mwingine, United Artists. Kwa nje ilionekana kama hatua ya mbele, kwa sababu United Artists ilimpa asilimia ya mapato. Ilichokosa ni malipo ya awali. Universal ilikuwa ikimpa fedha ya kuendeshea kazi; huku alipaswa kutengeneza kwanza, kusubiri majumba ya sinema yalipe, ndipo apate fungu lake. Akakopa Bank of America.

Alitoa filamu 12 chini ya United Artists. Dick Lundy, mkongwe mwingine wa Disney, ndiye aliyeziongoza, na zinapendeza kutazama: michoro laini, vivuli, miondoko iliyokamilika. Tai tapeli Buzz Buzzard aliingia hapo, katika ile ile filamu yenye wimbo. Ndiyo kejeli ya mambo haya: mwaka 1948 Woody alikuwa na wimbo namba moja, akateuliwa Oscar, na studio yake ikafunga milango kwa deni.

Mwaka huo huo wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya Paramount na wenzake, ikazuia uuzaji wa filamu kwa mafungu na kuzilazimisha studio zilizomiliki majumba ya sinema kuachana nayo. Universal, ingawa haikuwa na mtandao wa majumba kama wakubwa wale, ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Kuanzia hapo kila filamu ilipaswa kujiuza yenyewe, na katuni fupi ilikuwa bidhaa dhaifu kuliko zote. Televisheni ilikuwa inapiga hodi.

Studio ya Lantz ilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka, Universal ikiendelea kurudisha sinema katuni zake za zamani. Kisha rafiki yake George Pal, aliyekuwa akitengeneza filamu ya safari ya mwezini, «Destination Moon» ya 1950, akamwomba kipande kifupi ambamo Woody anaelezewa roketi inavyofanya kazi. Universal nayo ikamtaka tena. Akakubali, na filamu ya kwanza ya kurudi, «Puny Express», ilitoka Januari 1951.

Itazame kwa makini, kwa sababu ni picha halisi ya studio inayofufuka bila fedha. Woody karibu hasemi neno. Hadithi ilitokana na michoro iliyoachwa kabla ya kufunga. Mwongozaji wa kudumu hakuwepo. Lantz mwenyewe alisimamia, Don Patterson akimsaidia. Na sura ni mpya tena: LaVerne Harding, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya uhuishaji Hollywood, alimpunguza Woody kimo, akasogeza kishungi mbele, akalainisha uso. Muundo wa Harding ndio ulioenea duniani kwenye vitabu, vikombe na fulana. Woody unayemfikiria ukisikia jina lake, karibu bila shaka, ni wa kalamu yake.

Kushuka polepole

Miaka ya 1952 hadi 1954 Patterson aliongoza filamu ambazo naona hazijapewa heshima inayostahili. Zina ukatili wa zamani ndani ya mwili wa mtoto mpole, na mgongano huo unachekesha. Kisha Patterson akarudishwa kuwa mchoraji, na Paul J. Smith akawa mwongozaji mkuu, kazi aliyoishika hadi mwisho. Alex Lovy alirudi kwa muda, Jack Hannah akaja kutoka Disney mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kumpa Woody adui mwenye uhai, mamba Gabby Gator mwenye njaa ya kudumu. Sid Marcus naye akapita. Hata Tex Avery alikuwa Lantz mwaka 1954 na 1955, akafanya filamu nne, na hakuna hata moja ya Woody. Baba wa bata na mjukuu wake kigogota walikaa jengo moja bila kufanya kazi pamoja.

Tarehe 3 Oktoba 1957 mtandao wa televisheni wa ABC ulianza kuonesha kipindi cha Woody kikidhaminiwa na Kellogg's. Kilirusha katuni za sinema, na katikati Lantz mwenyewe alikaa mezani akieleza jinsi michoro inavyopata uhai. Hapa umiliki wa 1940 ulilipa: filamu za zamani, ambazo gharama yake ilikwisha kulipwa, zilianza kuingiza fedha upya. Lakini mtazamaji alikuwa amebadilika. Sasa ni mtoto mbele ya kisanduku sebuleni, si mwanajeshi ukumbini. Mizaha ya pombe, bunduki na rangi ikakatwa kwenye nakala za televisheni, ndiyo maana leo unaweza kukutana na nakala mbili za filamu moja zenye urefu tofauti. Na filamu mpya zikaandikwa kwa kuogopa mkasi huo huo. Woody akawa mjomba wa mapacha wawili, Knothead na Splinter, tangu 1956. Mchokozi akageuka mlezi.

Hesabu za michoro nazo zikabana. Ukitazama filamu za katikati ya miaka ya 1960 utaona mhusika amesimama kama sanamu huku mdomo tu ukicheza, mlango ule ule ukifunguliwa mara tatu, na wakati mwingine vipande vizima kutoka filamu za zamani vikichomekwa. Smith husukumiwa lawama kwa hilo. Sioni haki yake. Alipewa fedha kidogo na ratiba ya filamu takriban 13 kwa mwaka, za Woody pamoja na za wahusika wengine, wakati studio nyingine zilikuwa zimekwisha kufunga idara zao za katuni fupi.

Mwaka 1972 Lantz alifunga. Alisema gharama zilikuwa zimepanda kiasi kwamba filamu moja ingechukua miaka kumi kurudisha fedha yake. Ya mwisho ya Woody ni «Bye, Bye, Blackboard». Universal iliendelea kurudisha za zamani kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1984 Lantz akaiuzia MCA, kampuni mama ya Universal, kila kitu. Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1979, na akafariki 1994, miaka miwili baada ya Grace.

Kwa anayetaka kuanza kuzitazama, kuna alama za kumsaidia kujua yuko zama gani hata kama tarehe haioneshwi. Domo refu, uso wa kutisha: kabla ya 1944. Mwili wa duara, mandhari yenye vivuli, sauti ya kizee: Culhane au Lundy. Kishungi mbele na hakuna maneno: 1951 au 1952. Sauti nyembamba ya Stafford na ukuta wa rangi moja nyuma: mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea. Mimi ningeanza na «The Barber of Seville», nirudi nyuma kwa «Pantry Panic», kisha niruke hadi «Termites from Mars» ya Patterson, 1952, ambamo mchwa wanavamia nyumba ya Woody kutoka sayari nyingine. Gabby Gator anafaa jioni ya uvivu. Za baada ya 1966 zinaweza kusubiri.